Tulimwambia baba amesafiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha, "baba wa watoto wanne" kama alivyojitambulisha, aliyeandika hapa wiki mbili zilizopita kwamba kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha ni deko la watu wenye hela za kuchezea. Yeye, anasema, alilelewa kwa ugali na fimbo na hakuna aliyewahi kumuuliza anajisikiaje. Simlaumu. Miaka mitatu na kitu nyuma, barua yake ningeikata kwa mkasi nikaibandika ukutani juu ya cherehani.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Pasua, Moshi. Nashona sare za shule, kaptura na sketi na mashati, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nina mjukuu wa kiume ninayeishi naye. Jina lake silitaji, maana anajua kusoma, na gazeti hili likishapita siku mbili mangi wa duka la jirani analifungia watu maandazi. Nitamwita Kijana. Ndivyo ninavyomwita hata nyumbani.

Baba yake, mwanangu wa pili, alikuwa dereva wa Hiace. Alifariki kwa ajali mwezi wa nane, Kijana akiwa darasa la kwanza. Mama yake alikuwa ameshaanza maisha mengine Mwanza, basi mtoto akabaki mikononi mwangu. Siku ya msiba tulijifungia chumbani watu wazima watano, tukashauriana, tukakubaliana asiambiwe. Bado mdogo, tukasema, atachanganyikiwa. Tukampeleka kwa jirani mtaa wa pili akakaa huko siku tatu, sisi tukapanda Uru kuzika kihambani, kwenye shamba la ukoo. Aliporudi akauliza baba yuko wapi. Shangazi yake ndiye aliyejibu: baba amesafiri, ameenda Dar. Nilikuwepo, nimeshika sahani ya wali wa msibani, na nikashukuru moyoni kwamba kuna mtu amepata la kusema.

Anayeishi Kilimanjaro anajua Desemba ya huku ilivyo. Kuanzia tarehe 20 magari ya Dar yanaingia usiku na mchana, mabasi yanaongezwa, mbuzi wanapanda bei, viwanja vinafagiliwa hadi vinang'aa. Kila mtoto mwenye baba Dar anajua baba anakuja. Tarehe 21 asubuhi Kijana alioga bila kuambiwa, akavaa shati la Jumapili na viatu vya shule, akaenda kukaa juu ya jiwe lililoko getini. Nilikuwa na nguo za watu za Krismasi mpaka chini ya meza, nikadhani anacheza. Saa saba nikamwita ale, akasema atakula baadaye. Tarehe 22 hivyo hivyo. Tarehe 23 hivyo hivyo. Mkesha wa Krismasi nilimkuta amesinzia palepale, kichwa kimeegemea nguzo, kamba za viatu zimefungwa fundo mara mbili kama baba yake alivyomfundisha. Alisubiri mpaka tarehe 27. Tarehe 28 hakutoka nje. Usiku wake akakojoa kitandani, mtoto ambaye tangu atimize miaka mitatu hajawahi kulowesha shuka.

Tulifanya kila linalofanywa. Chai ya jioni tukamkatia. Nikawa namwamsha saa sita, namwamsha tena saa tisa. Jirani akashauri abebeshwe godoro alianike mwenyewe mbele ya wenzake ili aone aibu, nami nikamsikiliza jirani. Mtaa mzima wakawa wanamwimbia kikojozi. Nikamchapa. Naliandika hili ingawa mkono unasita: nilimchapa asubuhi nne au tano mfululizo kwa futi ya mbao ninayopimia vitambaa, mpaka siku moja nikaona hajikingi tena. Amesimama tu, amenipa mgongo, anasubiri nimalize. Ile futi niliitupa juu ya kabati na mpaka leo iko huko.

Shuleni nako akawa mwingine. Mtoto aliyekuwa msemaji hata wakati wa sala akanyamaza, na akifungua mdomo ni ugomvi. Mwalimu wake wa darasa la pili, Mungu ambariki, ndiye aliyeniambia nimpeleke hospitali. Huko walianza kumpima mkojo, wakaangalia kama kuna maambukizi au sukari, na hatua hiyo nawaomba wenzangu msiiruke: mtoto aliyekuwa mkavu akianza kukojoa tena, huenda ni mwili unaoumwa. Hakuonekana na kitu. Pale dirishani muuguzi mmoja aliuliza kwa sauti ya sokoni, "Huyu ndiye kikojozi?", benchi zima likageuka kumtazama mtoto. Hospitali siitaji. Ilibaki kidogo turudi nyumbani tusionekane tena.

Tukapelekwa kwa mshauri, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniamkia, akampa Kijana mkono kama mtu mzima, akamwachia karatasi na penseli za rangi, kisha akanivuta pembeni. Nilitegemea maswali ya mkojo. Akauliza, "Bibi, anajua nini kuhusu baba yake?" Nikamweleza habari ya safari. Hakunigombeza. Akauliza tena, "Huwa anaomba umpigie simu?" Nikafungua mdomo kujibu, nikakwama. Kabla ya Krismasi alikuwa akiomba kila Jumapili, na mimi kila Jumapili namwambia mtandao unasumbua. Tangu Krismasi hakuwa ameomba hata mara moja. Ilikuwa mwezi wa tatu. Miezi mitatu mtoto anajua kwamba simu ile haitapokelewa, na anajua pia kwamba mimi sitaki ajue.

Ndugu yangu wa Arusha, nilikwenda pale kama unavyopeleka redio kwa fundi. Nilitaka niiache, nirudi jioni niikute inaimba. Binti akaniambia utaratibu wake si huo. Kila tukienda, muda fulani ni wa mtoto peke yake, muda fulani ni wangu peke yangu, na siku nyingine tunakaa wote watatu. Tulikwenda mara kumi na moja. Vikao vyangu vilikuwa vigumu kuliko vyake.

Kuna siku aliniomba nimtajie maneno ya Kiswahili ya mambo ya moyoni. Nikayamwaga: huzuni, hasira, woga, aibu, wivu, upweke, hamu, majuto, simanzi, kinyongo. Akasema, "Kumbe unayo mengi. Mjukuu wako umempa mangapi?" Nikajichunguza. Kijana akilia mimi namwambia "nyamaza" au namwambia "pole". Nimemaliza. Ndiyo maana alipoulizwa anajisikiaje alikuwa na neno moja tu, "vibaya". Njaa ni vibaya, kuonewa ni vibaya, kumkumbuka baba ni vibaya. Tukaambiwa tutafute namna ya kuyatenganisha. Wenzetu wanatumia picha za nyuso. Mimi nina vipande vya vitambaa. Bluu ya kaptura tukaipa huzuni, nyekundu ya sweta hasira, kijani cha sketi woga, na njano, kitambaa cha shule moja ya chekechea, furaha. Vinakaa kwenye kopo la maziwa chini ya cherehani. Akirudi shule anachagua kimoja anakiweka mezani kwangu, hasemi kitu, anaenda kubadili nguo. Siku ya kwanza aliweka kijani. Ugomvi wote ule shuleni, na mimi nikidhani ni ujeuri, kumbe mtoto anaogopa.

Alifundishwa pia kupumua. Najua hapo msomaji atacheka, nami nilicheka, nani hajui kupumua? Unavuta hewa taratibu kwa pua, unaitoa kwa mdomo polepole kana kwamba unapuliza uji wa moto usimwagike. Alikuwa akifanya hivyo kabla ya kulala. Mimi hufanya mteja akija kudai nguo ambayo sijaigusa.

Kazi ya nyumbani iliyonishinda ilikuwa ya dakika kumi. Kila siku dakika kumi nicheze na Kijana mchezo anaoutaka yeye, bila kumwelekeza, bila kumkosoa, bila kumuuliza habari za shule, na bila kushika sindano. Nikamwambia binti, mama, Januari na Julai mimi hata kula nakula nimesimama. Akaniambia kucheza kumo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kumetajwa pamoja na chakula, malazi na mavazi. Nikamwambia ya mavazi nayaweza. Lakini nilijaribu. Kijana akachagua mchezo wa daladala: yeye dereva, mimi abiria. Wiki nzima nilipanda gari la viti viwili vya plastiki kutoka Pasua mpaka stendi. Siku ya sita akaniambia nishuke, gari limeharibika, akaingia chini ya kiti kulitengeneza, na akiwa huko chini, nisipouona uso wake, akasema, "Hata baba alikuwa anaingia hivi." Lilikuwa neno la kwanza kunitajia baba yake tangu Krismasi.

Kumwambia ukweli tuliambiwa tusikuahirishe zaidi, na tukafundishwa namna. Binti alinikataza maneno matatu: amesafiri, amelala, na Mungu amemchukua. Aliyeambiwa baba amelala ataogopa kitanda, na aliyeambiwa Mungu amemchukua atamwogopa Mungu. Hili la tatu nilibishana naye, mimi ni mtu wa jumuiya, siwezi kumtoa Mungu msibani. Tukakubaliana nianze na "amekufa", neno tupu, nieleze maana yake, halafu ya imani yafuate. Nikamwambia jioni, tumekaa kitandani kwake. Baba yako amekufa. Gari lilipata ajali, mwili wake ukaumia sana, ukaacha kufanya kazi, hawezi tena kula wala kutembea wala kurudi. Nilikosea kukuambia amesafiri.

Alikaa kimya kwa muda wa kujaza bobini. Kisha akauliza, "Siyo kwa sababu ya kioo?"

Kioo gani, nikamuuliza. Ndipo nikasikia. Usiku wa kuamkia siku ile alichukua simu ya baba yake achezee, ikaanguka, kioo kikapasuka, na baba akamgombeza. Asubuhi baba akatoka Kijana akiwa amejifanya kalala. Hakumwona tena. Sisi tukamwambia amesafiri, na yeye kwa akili yake ya miaka sita akapiga hesabu ya kwa nini mtu asafiri bila kuaga. Miezi saba mtoto huyu alikuwa akiishi na hukumu kwamba ndiye aliyemfukuza baba yake. Na mimi nilikuwa namchapa kwa futi.

Mei tukapanda Uru. Mshauri hakutuagiza kwenda. Alisema tu kwamba mtoto ambaye hakuzika hana mahali pa kupeleka mawazo yake. Kabla ya kufika kaburini nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Wasio Wachaga niwaeleze: isale ndilo jani letu la kuomba msamaha. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, hata kama ni ugomvi wa damu, ni vigumu akufukuze. Nikampa Kijana kwa mikono miwili. Shemeji yangu akaguna kwamba mkubwa hamwombi mtoto msamaha, labda anataka kumharibu. Kijana alilishika jani akaliangalia mbele na nyuma, hakujua afanye nini nalo. Halafu akalilaza juu ya kaburi, akaliwekea kijiwe lisipeperuke, akaniuliza kama mbege anayokunywa babu inaruhusiwa kumwagiwa baba. Tukamwagia.

Sisemi ni muujiza. Kukojoa kulipungua mwezi ule ule lakini hakukuisha. Hata sasa, yuko darasa la nne na mtihani wa taifa unamsubiri, mwezi wa nane ukifika shuka hulowa siku moja mbili. Tunaanika, hatusemi.

Msomaji wa Arusha aliandika pia kwamba haya ni mambo ya kizungu. Ana haki yake kidogo: njia hii ya kumwezesha mtoto asimulie lililomuumiza hatua kwa hatua, mlezi wake akiwepo, ilitengenezwa Marekani. Lakini ilishajaribiwa hapa hapa Moshi, mjini na vijijini, na Bungoma nchini Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, nusu huku na nusu kule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 12, walezi nao wakiwa na kikundi chao, na kila mtoto akapata vikao vichache vya peke yake. Walipomaliza, watoto wa Moshi mjini na wa Bungoma yote walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, Bungoma tofauti ilikuwa bado inaonekana. Kwetu Moshi, wale wengine nao walikuwa wamesogea, wakalingana. Nalisema na hilo la pili ili nisionekane nauza dawa ya mnadani.

Linalonigusa mimi katika habari hiyo ni waliofanya kazi. Hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida kama sisi, waliofundishwa, wakasimamiwa kwa karibu, wakafanya. Kama iliwezekana wakati ule, kwa nini leo mama wa Pasua, wa Njoro au wa Kiboriloni asubiri foleni hospitalini pamoja na waliovunjika miguu? Kila mtaa una jumuiya, una msikiti, una kikundi cha vikoba kinachokutana kila wiki bila kukosa na kuandika mahudhurio. Wachaguliwe humo wawili watatu wenye subira, na wasiopeleka maneno, hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Wafundishwe. Afisa ustawi wa jamii anayetuhudumia ni mmoja kwa watu wengi mno. Nilimfuata mara tatu, mara mbili nikaambiwa yuko kata nyingine, na sidhani alikuwa amekaa.

Na vikao vya walezi viwekwe jioni au Jumamosi. Mimi nilipoteza asubuhi kumi na moja za kazi, na nauli ya watu wawili, na nina cherehani yangu mwenyewe. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni kwa mtaji wa mkopo hawezi, atamtuma mtoto na dada yake wa darasa la saba, na hapo ni sawa na kutokwenda. Kwa wakati huu ambao hatuna hao watu, ipo namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, unapiga bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Fimbo na ugali nami nilivila, ndugu yangu. Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, nikaambiwa yuko hospitali KCMC anatibiwa. Niliambiwa hivyo mwaka mzima. Mpaka leo nikipita geti lile kwenye daladala nageuza uso upande wa pili, na nina miaka hamsini na tisa.

Desemba iliyopita Kijana alikwenda tena kukaa kwenye jiwe la getini, na viatu vya shule. Nikashtuka, nikaacha kaptura ya mtu nusu ya pindo, nikamfuata. Akaniambia, "Bibi, nawaangalia tu wanavyoshuka." Kwa jirani ilikuwa imesimama gari yenye vumbi la Dar, watoto wanagombania mabegi. Mfukoni mwa shati lake ulichungulia upindo wa kitambaa cha bluu. Nikakaa naye jiweni, nafasi ni ndogo, tukabanana. Mwenye kaptura alikuja akatukuta hapo, nikamwambia arudi kesho.

Fundi cherehani,
Pasua, Moshi